Cheti cha Masikio Mazima

Salvina, mkulima wa kahawa Nyakasimbi, alimpeleka bintiye Evaresta, wa miaka minane, kupimwa masikio mjini Kayanga, kwa kuwa akiitwa haitiki. Mpimaji akaandika kwenye cheti kwamba masikio ni mazima, ila ubongo unachelewa kupanga maneno, hasa penye kelele. Aguswe bega, aambiwe jambo moja, asubiriwe.

Salvina akaacha kumwita kwa kupaza sauti kutoka migombani, kama kijiji kizima kinavyoita watoto wake. Alimfuata, akamgusa, akasubiri. Mtoto akaanza kujibu. Majirani wakasema anamdekeza.

Mwalimu wa darasa, mwenye wanafunzi tisini na fimbo moja, alisoma cheti hadi "masikio ni mazima", akatosheka.

"Mama Evaresta, kumbe anasikia! Basi ni kiburi."

Wiki hiyo Evaresta alichapwa mara tatu, kwa idhini ya sayansi.

Ijumaa Salvina aliingia darasani bila hodi, akachukua fimbo mezani, akaivunjia gotini.

"Mama, hii ni mali ya shule!"

"Na huyu ni mwanangu. Soma cheti mpaka mwisho, Mwalimu. Kwa sauti."

Mwalimu akasoma. Yalikuwa yamebaki maneno kumi na manne.