Ulezi Ndani ya Kitako

Silasi alichoka kabla hajatoka nyumbani. Mzigo wake alikuwa ameuviringisha kwenye gunia la pamba na kuufunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, na sasa alisimama uani pale Guta akiitazama njia ya Bunda mjini kwa jicho moja, maana la pili lilishachukuliwa na mtoto wa jicho. Redio ilikuwa imeimba mwezi mzima: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari, hataulizwa lolote. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kuanzia kesho ni kifungo, na mtu wa miaka sitini na nane hafungwi, anazikwa.

Mkewe, Wankyo, alikuwa anafagia. Hakuuliza kilichomo kwenye gunia.

"Baba Esther, urudi mapema," alisema. "Jua la leo si la mtu mzima."

Kilichomo kilikuwa bunduki, na bunduki hiyo Silasi aliitengeneza mwenyewe kwa miaka saba. Alizaliwa Butiama katika ukoo wa wahunzi, watu wa majembe na mikuki, akahamia Guta kulima kando ya ziwa. Huko viboko walitoka majini wakala mahindi yake, na mwaka mmoja wakamuua mdogo wake katikati ya shamba. Wanaume wa kijijini walikuwa wakijitengenezea magobore ya mabomba ya maji, na moja likampasukia jirani mkononi likaondoka na vidole vitatu. Silasi aliviokota vile vidole. Akaapa kwamba yeye akitengeneza chake, atatengeneza kitu cha maana au asitengeneze kabisa. Rahisi ghali.

Basi akawa mtu wa kungoja. Springi aliipata Musoma kwa Fahadi, muuza vyuma chakavu asiyependa maswali, na Silasi akiona chuma kina kasoro anapanda gari kukirudisha, hata kama nauli inazidi bei ya chuma chenyewe. Ubao wa mninga aliuweka darini miaka miwili ukauke wenyewe. Kila kipande alikipiga tupa mpaka kikaingia mahali pake bila kulazimishwa, na kikiingia, mzee wetu anatabasamu peke yake kama aliyeposa akakubaliwa. Katika maisha yake yote hakuwa amefanya kitu kizuri kiasi kile, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku alipomaliza, akatoka kulenga kopo, akagundua kopo halioni. Jicho la kulengea lilikuwa limekwenda zake taratibu, yeye ameinamia tupa. Viboko wakaendelea kula mahindi. Bunduki ikapanda darini, ikalala huko miaka kumi na miwili bila kumdhuru hata kunguru. Huo ndio ushujaa wake wote, usimcheke.

Kituoni kwa polisi kulikuwa na foleni. Watu waliweka magobore yao chini, mengine yamefungwa kwa vipande vya tyubu, wakaondoka wakipangusa mikono. Zamu ya Silasi ilipofika akafungua gunia. Sajenti aliyekuwa mezani, mwanamke aliyeitwa Judith, aliishika bunduki, akahakikisha haina risasi, akaigeuza mara mbili, akaacha kuandika.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Nimeitengeneza."

"Yanayotengenezwaga ni hayo hapo chini. Hii ni ya kiwandani. Namba yake umeifuta?"

"Haikuwaga na namba, afande. Nimeitengeneza mimi."

"Ya kiwandani ina mwenyewe mahali fulani, na huenda huyo mwenyewe aliuawa. Hiyo haimo kwenye msamaha. Kaa pale kwenye benchi, usiondoke."

Silasi akakaa. Wahenga walisema chema chajiuza. Hawakusema kwamba siku nyingine chamuuza na aliyekitengeneza. Angekuja na bomba la maji lenye kutu, saa hizi angekuwa njiani kurudi kwa Wankyo.

Akanyanyuka. "Nipe bisibisi, mwanangu."

Judith alimtazama mikono, kisha akampa. Silasi akafumba macho, kwa kuwa hata hilo jicho moja lilikuwa linamsumbua tu, akaanza kuifungua bunduki juu ya gunia. Kila kipande alikitaja: hiki mwaka fulani, hiki nilikirudisha mara tatu, hiki nilikililia. Askari wengine wakasogea. Alipofika kwenye kitako, ule mti unaokaa begani, akasimamisha mkono.

"Humu ndani kuna ulezi," alisema. "Kwetu mhunzi haachi chombo bila ulezi aliopewa na mke wake kwa hiari, ili chombo kisimgeukie. Hakuna kiwanda kinachojua hilo. Kama haumo, nifungeni."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, lakini moyoni aliogopa. Miaka kumi na miwili. Wadudu nao wana watoto wa kulisha. Akachomoa kizibo, akainamisha. Ulezi ukamwagika kiganjani, mwekundu, una vumbi, mzima.

"Hata bibi yangu alikuwaga anaweka kwenye mpini wa jembe," alisema Judith, akaandika kwenye daftari: imetengenezwa nyumbani. Halafu akasema, "Mzee, nimeshika bunduki miaka kumi na moja. Kazi kama hii sijaiona."

Ilikuwa mara ya kwanza Silasi kusifiwa kwa kazi ile, na ilimuuma kuliko kutuhumiwa.

"Hebu irudishie vipande," Judith akaomba, "nipige picha kabla silaha hizi hazijachomwa."

Silasi aliviangalia vipande vilivyotandazwa juu ya gunia. Angeweza kuvirudisha akiwa usingizini.

"Nimechoka, mwanangu. Vichomeni hivyohivyo."

Alifika Guta jua limeshapoa. Wankyo alimpa maji, akangoja anywe. Silasi akautoa ulezi mfukoni, akafungua kiganja.

"Huu ndio ulioniokoa leo," alisema. "Ulinipa wewe."

"Ulisema ni wa mpini wa jembe."

"Nilisema."

"Nilijua si wa jembe." Wankyo aliupokea ulezi, akaupuliza vumbi. "Jembe la kunilimia mimi hujawahi kuliombea kitu kwa upole namna ile."

Akaumwaga uani. Kuku wakaja mbio, na kabla Silasi hajakaa vizuri kwenye kigoda, ulikuwa umekwisha.