Mguu wa Mkwe Wangu

Ninyi mnaosoma haya, futeni kwanza hicho kicheko. Nimewaona. Baba yenu akipita uani mnamfuata nyuma mkichechemea kama yeye, huyu anazidisha kuliko yule, na wenzenu mnaokuja nao kutoka chuoni wanacheka mpaka wanakaa chini. Hamjui mnachoiga. Mnaiga kosa langu mimi, bibi yenu.

Sina shule ya kujivunia. Herufi nilizipata kwenye elimu ya watu wazima, mtoto mgongoni. Lakini spana nazijua kuliko ninyi wenye vyeti.

Babu yenu alikuwa fundi wa magari katika shirika la umma. Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa sabuni na mitumba, na yeye akapunguzwa kazi. Alichorudi nacho nyumbani ni pikapu moja kuukuu. Tukahamia mtaa wa Nkuhungu, akatundika turubai, akawa anatengeneza pikipiki za watu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa spana. Hakukaa kunifundisha. Nilijifunza kwa matusi yake. Bolti ya injini ianze kwa vidole, ikigoma itoe uisafishe, usiilazimishe. Zikiwa nne huikazi moja mpaka mwisho ukaacha nyingine, unakaza kidogo huku, kidogo upande wa pili, mpaka zote zishike. Na spana unaivuta ije kwako. Ukiisukuma ikateleza, mwili wako unaifuata.

Baba yenu sikumpenda. Naandika hivyo na najua atasoma. Alikuja kumposa mama yenu amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Baada ya harusi akajiita fundi, kisha akajiita mfanyabiashara, yote katika mwezi mmoja.

Na kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaketi kiti kimoja, hawaitani. Akinikuta njiani anapinda porini, mimi nafunika uso kwa kanga. Wenzangu waliona ni heshima. Mimi niliona ni nafuu, maana ilinipa sababu ya kutosema naye.

Sasa mradi mmoja wa maji ukafungwa kule Kibakwe, na pikipiki zao mbili zikauzwa. Baba yenu akazinunua. Babu yenu akaendesha pikapu, mimi na mama yenu tukakaa mbele, na mkwe akapanda nyuma peke yake, vumbi lote lake. Nilikwenda kwa sababu gari lilikuwa letu na sikumwamini nalo.

Tulipofika, babu yenu alisema jambo moja kabla ya kuingia ofisini kufuatilia kadi za pikipiki. Alisema, "Hii ya pili injini ilishushwa ikarudishwa, bolti zimeshikizwa kwa vidole tu. Barabara hii itazikata. Kaza zote ikiwa bado chini, ndipo upakie."

Mkwe akaitikia, "Sawa, baba." Akakaza mbili za juu, za chini zikamtaka alale kwenye vumbi. Suruali yake ilikuwa mpya. Akaacha.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nimempa mgongo nusu. Nikamwambia mama yenu, "Mwambie mumeo bado mbili."

Mama yenu akamgeukia. "Mama anasema bado mbili."

Mkwe akainama akaiambia pikipiki, "Wewe pikipiki, kumbe siku hizi mafundi wanatoka jikoni?"

"Mwambie mumeo jikoni ndiko anakolishwa."

"Jamani!" mama yenu akapiga makofi. "Mnasikiana vizuri kabisa, mmesimama hapo hapo! Mimi nimekuwa redio?"

Lakini ndivyo ilivyokwenda asubuhi nzima. Mkwe alitaka kuegemeza ubao wa kupandishia kwenye pikapu pale pale kwenye uwanja, umesimama kama ngazi ya kupandia darini. Nikapeleka neno kwamba gari lirudishwe nyuma mpaka kwenye ukingo wa mfereji ulioinuka, ili ubao ulale karibu sawa na ardhi, na ncha yake ifungwe kwenye gari isije ikateleza. Akalirudisha gari kwa hasira, ila alilirudisha. Ya kwanza ikapanda vizuri. Gurudumu la mbele likagusa ukuta wa mbele wa bodi, gia ikawekwa, kamba mbili za katani zikavuta usukani chini, moja kila upande, mpaka shokapu zikabonyea. Hiyo ndiyo kufunga. Pikipiki iliyofungwa upande mmoja haijafungwa, imechaguliwa upande wa kuangukia tu.

Ya pili akaipandisha na bolti zake mbili zimelegea. Akaiegesha kwa stendi, karibu na mlango wa nyuma ulio wazi, akafunga kamba ya kushoto. Ya kulia haikuwepo. Nikamwambia mama yenu akaazime kamba kwenye nyumba zilizokuwa ng'ambo ya mfereji. Akaenda mbio.

Kwa hiyo nilimwondoa mimi mwenyewe aliyekuwa akibeba maneno yangu.

Mkwe hakusubiri. Nadhani zile bolti mbili zilimuuma, hakutaka baba mkwe wake azikute. Akachuchumaa kule juu kati ya pikipiki na ukingo wa gari. Spana ya saizi ya bolti za chini hakuwa nayo. Akachukua kubwa zaidi, akapachika kipande cha bati kujaza nafasi. Kamba ya kushoto ilikuwa ikimzuia mkono. Akaifungua.

Niliona kila kitu. Pikipiki imesimama kwa stendi tu juu ya bati la bodi linaloteleza, haina kamba hata moja. Spana si yake. Na yeye amesimama, ameshika ukingo wa gari, ameweka kiatu juu ya mpini wa spana ili aukandamize kwa uzito wake wote. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno kumi. Hata moja lingetosha.

Nikatazama ng'ambo ya mfereji kama mama yenu anarudi.

Msinisingizie kwamba niliogopa mila. Mila nilikuwa nayo mkononi kama fimbo. Moyoni nilisema, aende, ateleze, achubuke goti, ajue kwamba jikoni kuna watu. Goti tu. Mguu sikumtakia.

Spana ikateleza. Kiatu kikaifuata, mwili ukafuata kiatu, bega likagonga tangi. Pikipiki ikainuka kwenye stendi, ikageuka, ikamchukua. Wakaanguka pamoja kwenye ukingo wa mfereji, yeye chini, injini juu ya mfupa wa mguu. Nilisikia mfupa. Ni sauti ndogo, kama ufagio kuvunjika.

Nilifika kabla kanga yangu haijafika chini. Nikashika usukani na keria, nikainua kwa magoti, maana mgongo hauinui pikipiki.

"Toa mguu!" nikamwambia. "Mimi nasema nawe! Toa mguu, siwezi kuishika zaidi!"

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu aoe. Na yeye, jasho linamtoka kama mvua, mfupa umesukuma suruali mpya kwa ndani, aligeuza uso pembeni asinitazame. Akajikokota kwa viwiko, uso umegeuka vile vile.

"Samahani, mama," aliuambia mfereji.

Hapo nilichukia, na safari hii sikumchukia yeye.

Mama yenu akarudi na kamba mkononi, akapiga kelele. Babu yenu akatoka na kadi zake. Tukafunga mguu kwa vipande tulivyopasua kwenye ubao ule ule na kamba ile iliyochelewa. Hospitalini walifanya walichoweza, lakini uliungana ukiwa mfupi, ndio huo mnaoucheka. Pikipiki ya kwanza tukaishusha, na zote mbili zikaja kuchukuliwa siku nyingine.

Kabla ya kuondoka likazuka swali la mgonjwa akae wapi. Mama yenu alitaka alazwe nyuma. Babu yenu naye akasema, "Mama mkwe na mkwe hawaketi kiti kimoja, mnajua wenyewe. Alale kwenye bodi, tumtandikie magunia."

Nilimtazama babu yenu, nikamtazama binti yangu, kisha nikamtazama mkwe usoni, wazi, mpaka akakosa pa kugeukia. Nikawaamuru wote watatu.

"Wewe, binti, panda nyuma. Huyu anakaa mbele, na mguu wake unalala juu ya magoti yangu mpaka hospitali. Na kuanzia leo katika nyumba yangu, atakayeona kamba imefunguliwa au bolti imelegea, aseme mwenyewe kwa mdomo wake, amwambie yule ambaye mkono wake uko pale, awe mkwe, awe mama mkwe. Asiyetaka kusema asije karibu na gari. Washa, twende."