Rangi Chini ya Boliti

Baba tulimzika kwa simu. Alikuwa amekwenda Beni kumtembelea dada yangu mkubwa, akaugua hukohuko, na juma alilofariki barabara ya kutoka kwetu Butembo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi upande wa Kalunguta. Mwili haukuweza kutungoja. Dada akatafuta wachimbaji, akanipigia, akaacha simu wazi kwenye mfuko wa koti lake. Mama na mimi tulikaa kitandani kwake, simu juu ya blanketi katikati yetu, tukasikiliza wimbo, sauti ya padri, mtu fulani akikohoa, halafu makoleo. Unite za simu zilikwisha kabla hawajamaliza kufukia. Mama akaniuliza kama nataka chai. Nilisema ndiyo, nikainywa.

Tangu siku hiyo nilikuwa na ganzi. Sisemi hivi ili nionewe huruma, nasema ilivyokuwa. Nilifungua duka langu la vitambaa kila asubuhi, nikapima vitambaa vya liputa, nikagombana na wateja wanaoshika kila rangi na kuondoka bila kununua. Waliokuja kunipa pole niliwatazama midomo tu ikicheza. Nilimpenda baba kuliko nilivyompenda mtu mwingine yeyote, na macho yangu yalikuwa makavu kama ya mtu anayengoja zamu yake kwenye ofisi ya serikali.

Mama yeye hakuwa na ganzi. Alikuwa haamini. Kila jioni alimpakulia baba sahani yake ya ugali na sombe, akaifunika, na asubuhi akawamwagia kuku. Siku moja nilimwuliza mpaka lini. Hakukasirika.

"Mi nilisikia simu," alisema. "Simu inasemaka mambo mingi. Fasi analala, mi hapana iona."

Mahali alipolala hakupaona, kwa hiyo ilikuwa lazima afike Beni kwenye misa ya siku arobaini. Nilijua kwamba asipoliona kaburi, sahani ile itaendelea kupakuliwa hadi atakapokufa naye, na mimi ndiye nitakayekuwa naiosha. Tatizo lilikuwa mguu wake. Alivunjika nyonga zamani, fundi wa mifupa akaiunga vibaya, na mguu wa kulia haukunjiki tena. Hawezi kuingia kwenye basi wala kukaa kwenye pikipiki. Gari pekee duniani analoweza kupanda ni la baba, gari dogo la zamani lililofika nchini kabla mimi sijazaliwa, kwa sababu baba alitoa kiti cha mbele na kumtengenezea kitanda kirefu cha mbao na sponji ambapo ananyoosha mguu hadi chini ya dashibodi. Baba alipokwenda Beni alipanda basi, akaliacha gari nyumbani. Alisema huwezi kujua, mama anaweza kuhitaji hospitali.

Hapa inabidi nieleze desturi moja. Katika ukoo wetu, siku arobaini za marehemu zikikaribia, vitu vyake havikai vichafu. Ndugu wanagawana kazi. Mmoja anapiga lipu ukuta wa nyumba, mwingine anatengeneza ua, wanawake wanafua makoti na kuyapiga pasi ingawa hakuna atakayeyavaa. Baba mdogo, yule anayemfuata baba kwa kuzaliwa, alijichagulia gari. Yeye ni seremala, anatengeneza milango. Akalipaka gari la kaka yake kwa brashi, kwa rangi ya mafuta, buluu ileile ya milango yake, mipako miwili. Alipaka nje, akapaka ndani ya buti, akafungua boneti akapaka na humo pia. Lilipokauka lilikuwa linang'aa kama mlango wa kapela. Majirani walikuja kuliona na kumsifu, na baba mdogo alisimama kando akipokea sifa kwa niaba ya wote wawili.

Ijumaa, siku moja kabla ya misa, tulipanga kutoka mapema. Siku hizo hakuna mwenye akili aliyepita Kalunguta mchana ukishaanza kuchoka, kwa hiyo tusipoondoka kabla ya saa sita, tumekosa misa. Tulimpandisha mama kwenye kitanda chake, mito kila upande, mkoba mapajani, kitambaa kipya kichwani. Nikageuza ufunguo. Chini ya boneti kitu kikasema tak, basi.

Nikageuza tena. Tak.

Baba mdogo alinitazama kama kwamba nimemtukana. Nilimwomba asogee, nikaenda kumwita mekanisien, fundi wa magari wa ng'ambo ya barabara, mtu wa kujiamini sana, anayesikiliza gari akiwa bado yuko mbali na tayari ana jibu. Akawasha taa, zikawaka vizuri. Akapiga honi, ikalia hadi mbuzi wa jirani wakakimbia. Akaniambia nigeuze ufunguo huku taa zikiwaka. Tak, na taa hazikufifia hata kidogo.

"Donc batri iko muzima," alisema. "Démarreur ndiyo ilisha kufa."

"Ilikufa lini? Juma lililopita iliwaka."

"Mama, kitu ikikufa haitumaka barua," alinijibu.

Alilala chini ya gari, akafungua démarreur, ile mota ndogo inayozungusha injini ili iwake, akaitoa, akaiunganisha moja kwa moja na batri pale chini kwenye turubai. Ikazunguka kwa nguvu, ikataka kumtoka mkononi. Akaitazama kwa chuki. Akairudisha mahali pake, na hiyo kazi si ndogo, jua likapanda, mama akiwa bado ndani amekaa wima na mkoba wake. Nilimwambia ashuke angoje kivulini.

"Nikishuka, mutasema tutaenda kesho," alijibu. "Mi nabakia humu."

Nikageuza ufunguo. Tak.

Nilisema labda ni masse. Baba alipenda kueleza, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi. Moto wa batri, alikuwa akisema, unakwenda kwa njia moja na lazima upate njia ya kurudi. Ncha nyeusi ya batri imefungwa kwenye bodi ya gari, na injini nayo imefungwa kwenye bodi kwa mkanda uliosukwa wa shaba. Bodi nzima ndiyo njia ya kurudia, hiyo ndiyo masse. Mekanisien akanionyesha kwamba si mimi wa kumfundisha. Akachukua taa yake ndogo ya kupimia, waya mmoja kwenye ncha nyekundu ya batri, mwingine akaugusisha kwenye chuma cha injini. Taa ikawaka.

"Unaona? Masse iko bien."

Nilikubali. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na kusema kweli sikuwa na hamu ya kitu chochote. Nilijua mama atashushwa, sahani itapakuliwa jioni, dada atasimama peke yake kanisani. Nililijua hilo kama unavyojua kwamba kesho ni Jumamosi. Mekanisien akaniambia nijaribu mara nyingine, nishikilie ufunguo zaidi, yeye akigonga démarreur kwa nyundo. Nikashikilia. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeuweka kwenye kile kifundo cha kuvuta asubuhi injini ikiwa na baridi, chenye waya mrefu wa chuma unaokwenda hadi kwenye kabureta. Nilisikia harufu kwanza. Nilipoutazama mkono, ngozi ya kidole ilikuwa imegeuka nyeupe, na kutoka ndani ya mrija wa waya ule moshi mdogo ulikuwa unapanda. Niliondoa kidole polepole. Sikuhisi maumivu.

"Mwanangu, unaungua," mama aliniambia.

Ndipo kichwa changu kikafanya kazi, mara ya kwanza baada ya majuma. Waya wa kifundo hauna uhusiano wowote na umeme. Ukipata moto, maana yake umeme wote wa démarreur, ambao ni mwingi, umekosa njia yake na unajaribu kurudi kupitia humo. Taa ndogo ya mekanisien haihitaji umeme mwingi, inatosheka na waya mwembamba. Démarreur haiwezi. Nilitoka, nikamwuliza baba mdogo, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe mikono kati ya magoti.

"Baba mudogo, ile mukanda ya shaba ya injini, uliipaka rangi pia?"

Akainua kichwa kwa fahari.

"Niliifungua, nikapaka chini yake, nikapaka juu, nikapaka na fasi ya boliti. Ikakauka, ndiyo nikairudisha. Mi hapana fanyaka kazi ya nusu."

Mekanisien alifunga macho. Rangi haipitishi umeme. Halafu akaenda kuleta nyaya zake nene za kuazimana moto, akabana upande mmoja kwenye ncha nyeusi ya batri na upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. Nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikawaka, na gari zima likatetemeka na rangi yake ya milango. Tukalizima, kwa sababu mtu haendi Beni na nyaya zimening'inia. Sasa tulijua.

Nilidhani baba mdogo atajitetea. Hakujitetea. Alikwenda kwenye sanduku lake la useremala, akaleta patasi, akamwambia mekanisien asogee, hii ni kazi yake. Akafungua boliti mbili, ile ya injini na ile ya bodi, akaanza kuparuza. Rangi ilikuwa imeshika vizuri, alikuwa ameipaka kwa moyo. Ilitoka vipande vidogo vya buluu ambavyo vilimwangukia kwenye viatu. Aliparuza hadi chuma kikaonekana cheupe, kikubwa kama sarafu, akaparuza na chini ya mkanda, na uso wake ulikuwa umelowa machozi, hayajifichi, yanashuka hadi kidevuni.

"Nilitaka ikuwe muzuri," alisema. "Mpaka na fasi batu hapana ona."

"Ni muzuri, baba mudogo."

"Mimi ndiye nilikuwa nazuia bibi ya kaka yangu kwenda kumuona."

Nilimwekea mkono mgongoni. Nilimwonea wivu, hilo ndilo nililolihisi, wivu wa mtu anayelia karibu yako wakati wewe huwezi. Mekanisien, ambaye sasa alikuwa mpole kabisa, alileta karatasi ya msasa akamsaidia kumalizia. Wakafunga boliti, wakazikaza. Nikageuza ufunguo na injini ikawaka mara moja. Mama alisema "Wasingya" kwa Kinande, asante, lakini alimwambia baba mdogo, si mekanisien.

Tuliondoka saa tuliyojiwekea ikiwa imeshapita. Mekanisien alisema tulale. Mama alinionyesha barabara kwa kidole, nikaingiza gia. Baba mdogo alipanda nyuma na sanduku lake magotini, amelikumbatia. Barabara ilikuwa na vumbi na karibu tupu, na hilo si jambo zuri. Baada ya Kalunguta kidole kilianza kuuma, kwanza kidogo, kisha kikauma hasa, hadi nikawa nashika usukani kwa kiganja. Hatukukutana na mtu mbaya. Askari kwenye kizuizi walitazama rangi, wakacheka, wakauliza kama tunauza milango. Baba mdogo akawajibu kwamba ndiyo, anatengeneza, wakitaka waje Butembo.

Tuliingia Beni jua likiwa bado lipo. Dada alikuwa anatungoja kwake, mtaa wa Beu, lakini mama alikataa kushuka kula. Kwa hiyo dada naye akajibana nyuma, akatuonyesha njia hadi kwenye kiwanja chake kule mtaa wa Ruwenzori. Kaburi lilikuwa mwishoni, baada ya migomba, na njia ilikuwa ya miguu tu. Mama hakuweza kuitembea. Nikaliingiza gari katikati ya migomba, majani yakikwaruza ile rangi pande zote mbili, baba mdogo akiniambia nisonge tu, hadi dirisha la mama likawa sambamba na udongo.

Ilikuwa tuta tu, na msalaba wa mbao, na maua ya plastiki ambayo vumbi lilikuwa limeyabadilisha. Injini ilikuwa inanguruma. Niliiacha makusudi, kwa sababu sikuiamini, na giza lilikuwa linakuja, na hapo kwenye migomba hakuna mekanisien.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Alitazama urefu wa tuta, kutoka msalabani hadi chini, jinsi alivyokuwa anampima baba kwa macho kabla ya kumkatia kitambaa cha shati. Kisha akagusa mkono wangu.

"Zima moteur," alisema.

"Mama, inaweza kukataa kuwaka tena. Tutabakia hapa."

"Zima, mwanangu. Baba yako analala."

Nikazima injini. Hapo ndipo nililia, na mama hakuninyamazisha.