Nilifuta Sura ya Marehemu, Nikajaza Kwaya

Admin, jina langu liweke kapuni, mji huu ni mdogo na wateja wangu wengi wanakufuata humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu, fundi wa kompyuta na simu hapa Sumbawanga. Pia najaza nyimbo kwenye memori kadi. Siandiki ili mnihurumie. Nimechoka tu kudanganya, jamani, nimechoka.

Kabla ya Kwaresima alikuja mama mmoja rika la mama yangu, anatoka kijijini huku juu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafungua fundo la khanga akatoa memori kadi. "Fundi mwanangu, humu yumo mtoto wangu wa kwanza. Amefariki. Mwalimu wa shule yetu alijaribu kwenye kompyuta yake, sauti tukaisikia, sura hatukuiona." Marehemu aliegesha simu juu ya gunia akajirekodi siku wanapura ulezi, yeye na mama yake. Simu ilishakufa, ikabaki kadi. Picha nyingine ya ukubwani mama hana, isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho, ambayo anasema kijana amenuna mpaka hafanani naye.

Nikaichomeka. Kweli, sauti ipo: fimbo zinapiga ulezi, watu wanaimba, kijana anacheka. Kioo cheusi tii. Mama akawa ananionyesha kwa kidole: "Hapo ananitania kwamba nimezeeka, fimbo imenishinda. Hapo amenigeukia." Na pale anapoonyesha hakuna kitu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Video ikitoa sauti bila picha, mara nyingi haijaharibika. Simu mpya zinarekodi kwa mtindo ambao kompyuta za zamani haziuelewi. Unaweka programu nyingine ya kuchezea video, au unaijaribu kwenye kompyuta mpya zaidi, kazi kwisha. Haya nayajua leo. Siku ile niliona aibu kuuliza, fundi mzima nikaulize nini? Nikaigeuza kuwa video ya aina nyingine kwa programu yangu ya kizamani, ikatoka sauti tupu. Nikasema hii imekufa. Nikamwomba mama aniachie kadi niendelee kuhangaika nayo.

Pasaka ikakaribia. Kila siku ya mnada mama anapita: "Vipi fundi, ameonekana?" Roho ikaniuma. Nikataka angalau kumfariji. Ana karedio kake kadogo kanakoingia memori kadi, basi nikaona nimjazie kwaya za Pasaka, bure kabisa. Kadi ilikuwa imejaa, na mimi kichwani najua video nimeshaihamishia kwenye kompyuta. Nikafuta vyote, nikajaza kwaya mpaka pomoni. Kumbe kwenye kompyuta kulikuwa na ile niliyoigeuza tu, yenye sauti tupu. Ya asili ilikuwa kwenye kadi peke yake.

Nikamwambia video nimeihifadhi kwenye kompyuta, naendelea kuhangaika nayo. Mama alifurahi, jamani! Aliniletea kisado cha maharage, akanishika mikono yote miwili kunishukuru.

Wiki mbili baadaye nikamsimulia fundi mwenzangu, mshikaji wangu wa siku nyingi. Akanicheka: "Sasa hiyo si ungeweka pleya nyingine tu? Picha ilikuwepo muda wote huo!" Nikaiazima kadi kwa mama, nikasingizia naongeza nyimbo, nikajaribu kila programu ya kurudisha vilivyofutwa. Wapi! Kwaya zilikuwa zimekalia kila kitu.

Alipokuja tena kuuliza, mdomo ukajisemea wenyewe: "Mama, naona kadi iliingia maji." Nilidhani nimeutua mzigo, kumbe nimemtwisha mwingine. Kadi ile ilipandishwa huku juu na mwanawe wa pili, anayelima mpunga kule bondeni Mtowisa. Alikuja nayo mfukoni mwa shati kipindi cha mvua, akafika ameloa chapachapa. Mama akaunganisha mwenyewe. Tangu hapo hasemi naye. Kijana alipomletea gunia la mchele, alikataa hata kulipokea. "Amemzika ndugu yake mara ya pili," aliniambia, kwa utaratibu tu, wala hakupandisha sauti.

Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Nyamaza. Hasira ya mama kwa mwana huisha yenyewe. Ukisema, nani tena atakuletea simu yake hapa?" Nikanyamaza. Hasira haijaisha.

Sasa msimu wa kupura ulezi umerudi, na juzi huyo mwana wa pili kaja mwenyewe dukani. Upepo na baridi yote hii ya Sumbawanga, kavaa shati jepesi la bondeni. Nilijiandaa kwa ugomvi, hakugomba. "Fundi, mama kaagiza watu waniambie mwaka huu nisikanyage kwenye kupura. Mimi haya mambo siyajui. Niambie ukweli, ni mimi niliyeiharibu?"

Ukweli ulifika mpaka kwenye meno. Nikamwambia, "Maji ni maji, kaka. Hukukusudia." Akajifuta macho kwa kiganja, akaniomba nimwekee ile sauti kwenye simu yake. Nikamwekea. Akaisikiliza palepale kaunta, amesimama, mpaka mwisho. Halafu akanishukuru.

Ndugu zangu, wanapura Jumamosi hii. Nikienda nikasema, mama atajua kwamba sura ya mwanawe ilikuwa mikononi mwangu ikiwa nzima, na mimi ndiye niliyeifuta. Nisipokwenda, kabakiwa na mwana mmoja duniani na hataki kumwona. Nitukaneni, nastahili, lakini mkishamaliza kunitukana mnielekeze: nikifika pale mbele ya yule mama, neno la kwanza niseme lipi?