Nilitaka wing nyekundu ya paragliding, nikaishia na ya Mama Jasbir

Wakuu, niaje. Nawapa hii story vile ilitokea, bila kuongeza chumvi. Wenye mnajua paragliding mtanivumilia nikieleza vitu rahisi.

Mimi ni Mama Njeri, nina watoto wawili, naishi Mwihoko, kazi ni quality control kwa kiwanda cha juisi Industrial Area, Thika. Tulienda trip ya kazi huko Kerio, nikarushwa tandem, yaani unafungwa mbele ya rubani mnaruka pamoja. Nilishuka nikilia, na haikuwa uoga.

Nikafanya course mpaka nikamaliza.

Sasa ukimaliza unahitaji wing yako, lile bawa la kitambaa linalokubeba na kamba zake nyembamba. Mpya ni ngumu kupata hapa kwetu, kwa hivyo wengi tunatafuta used.

Bwanangu ni Kamau, fundi wa stima. Hajawahi kunikataza kuruka. Lakini nikitaja tu, anakumbuka kuna kitu anatafuta jikoni. Na Kamau hana shughuli jikoni. Kwa hivyo nikaacha kumsimulia.

Instructor akanielekeza kwa Mzee Balbir, Msikh wa hapo Thika ambaye ameruka miaka mingi mpaka magoti yakakataa. Akanitumia picha. Wing nyekundu, safi, ni kama imetoka dukani jana. Niliipenda kabla sijauliza swali hata moja.

Tukapatana tukutane Murera, kwa wazazi wa Kamau, kuna uwanja wazi kando ya shamba. Nia ilikuwa kuijaribu chini: huruki, unasimama tu na upepo unainua wing juu ya kichwa, uone tabia yake.

Kamau alinisindikiza, na Mzee akaja na mkewe, Mama Jasbir. Yeye alibaki ndani ya gari, mlango wazi, akitumiminia chai ya masala.

Mzee akaniangalia juu mpaka chini. "Una kilo ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Hii ni ya mtu mzito kama mimi. Kila wing imepimiwa uzito wa rubani. Ukiwa mwepesi, itakuchezea."

"Si nijaribu tu," nikasema.

Nikavuta. Ikapanda haraka kuliko ile ya course, upepo ukaongezeka kidogo, na kitu ya pili najua nimelala kifudifudi naburutwa kuelekea kwa maharagwe ya mama mkwe. Kamau alinirukia akashika harness, ile mikanda niliyofungwa nayo, tukaburutwa wawili. Mzee ndiye alifika na magoti yake mabaya, akavuta kamba ya nyuma, wing ikaanguka.

Hakuna aliyeumia ila maharagwe.

Mama mkwe akatoka, akatuangalia pale chini. "Kamau, hata wewe?"

Nikaamka nikaanza kupanga kamba nijaribu tena. Kamau akafuta udongo mdomoni.

"Mama Njeri, sijawahi kukukataza. Hii nakukataza."

Niliachilia kamba. Nilikuwa na hasira, zaidi kwa sababu alikuwa right.

Ndipo Mama Jasbir akasema kutoka kwa gari, "Balbir, toa ile yangu."

Mzee akageuka. "Si ulisema haiuzwi?"

"Nilisema siuzii mtu nisiyemjua. Huyu nimemwona akianguka, na bado anataka kusimama."

Kumbe mama naye alikuwa rubani.

Yake ni ya bluu, imefifia pembeni, ya beginner, na uzito wangu unaingia sawa. Kusema ukweli ilikaa kama pazia la zamani. Lakini nilipovuta, ilipanda pole, ikasimama juu yangu, ikatulia. Nikaenda kulia, ikanifuata.

Mama Jasbir akashuka na fimbo yake, akashika kamba moja na vidole viwili, macho amefunga. Akaivuta polepole, akaiachilia. Baadaye akasema, "Hii inasamehe, beti." Beti ni binti kwa lugha yao.

Kamau alikuwa na Mzee kando ya gari. Aliniambia tukirudi nyumbani kwamba alimuuliza Mzee yeye alikuwa anafanya nini huku chini mkewe akiwa juu.

"Niliogopa kila mara," Mzee alimwambia. "Lakini ile raha alishuka nayo, alikuwa anakuja nayo nyumbani."

Sikununua siku hiyo. Ilikuwa imekaa sana bila kuruka, kwa hivyo instructor aliipeleka ikaguliwe, kitambaa kama bado kinashika hewa na kamba kama hazijachoka. Kamba kadhaa zikabadilishwa. Ndio nikanunua.

Mara ya kwanza kuruka nayo Kerio, Kamau alikuja. Nilipotua alikuwa amesimama mbali kidogo, uso umekauka. Akanikaribia, akanigusa mabega yote mawili kama anahesabu mifupa.

Kisha akauliza, "Huko juu huwa unaona nini?"

Hajawahi kuniuliza. Tuliketi kwa nyasi na helmet yangu bado kichwani, nikamweleza kila kitu, na hakutaka tuondoke.

Nilichojifunza: usinunue wing kwa macho. Uliza uzito, ijaribu chini na mtu anayejua, ikaguliwe kabla hujalipa. Na uende na yule anayekuogopea. Mimi nilikuwa namficha mambo nikidhani namsaidia.

Wenye mnaruka, wing ya kwanza mlichaguaje? Na nyinyi mnaobaki chini mkiangalia juu, nyinyi hasa ndio nataka kusikia.