Miski ya Odile Jaquier

Odile Jaquier alikuwa mkemia katika kiwanda cha manukato pembezoni mwa Geneva, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutengeneza miski. Molekuli yake ni pete ya kaboni yenye kitawi kimoja kidogo. Kitawi kikikaa upande huu, pete inanukia mpaka moyoni. Kikikaa upande wa pili, anazaliwa pacha wa kwenye kioo, kama mkono wa kushoto kwa wa kulia, na harufu yake imepooza. Shaba ndiyo iliyosaidia kubandika kitawi, lakini shaba ikiachwa peke yake haichagui upande. Kwa hiyo Odile aliitafutia mwenzi, molekuli ya kuikumbatia na kuizibia njia moja. Wenzi wengi walimwangusha.

Majira ya baridi mafua yakamlaza. Alipoinuka, kahawa ilikuwa maji ya moto tu. Hakuficha, alimwendea Yvan Rochat, mtunga manukato aliyezoeana naye kwa utani.

"Pua imekufa, Yvan."

"Afadhali! Utaacha kunisimanga kwa sigara zangu." Kisha akamtazama usoni, utani ukamkauka mdomoni. "Pole, dada'ngu. Sasa watakuhamishia ofisini?"

"Wathubutu! Kwani shaba naipika kwa pua?"

Akaendelea. Theluji ilipokuwa inayeyuka akajaribu mwenzi mpya, chombo kikiwa kwenye baridi kali, dawa ikiingia tone kwa tone. Mashine ya kutenganisha mapacha ikachora mlima mmoja mrefu, wa pacha anayenukia. Wa pili ulikuwa kichuguu. Maabara nzima ikashangilia, wakapokezana kijikaratasi cha kunusia. Kilipomfikia, Odile alikipeleka puani kwa mazoea. Hola. Akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje.

Yvan akamfuata na kile kijikaratasi.

"Nieleze," Odile akasema. "Na usiniletee yale maneno ya kuwauzia wateja."

Yvan akanusa, akafumba macho. "Shingo ya mtoto aliyesinzia juani. Halafu... sweta ya marehemu baba, ile mama aliyokataa kuifua."

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu."

Odile akacheka huku machozi yakimtiririka, akamwambia anuse tena.

Baadaye kahawa ilimrudia, na jibini la kuyeyushwa, hata moshi wa sigara za Yvan. Miski haikurudi, akastaafu bila kuinusa. Jumapili dada yake huja kula kwake akiwa amejipaka manukato yenye miski ile. Odile humuuliza kama bado yanakolea, kisha humpakulia viazi.