Chumba cha Yaya

Dirisha la chumba cha nyuma halina pazia. Ukisimama ng'ambo ya barabara, pale Berea, Johannesburg, ukatazama ghorofa ya tatu ya jengo la matofali mekundu, utaliona mara moja. Madirisha mengine yamevishwa, moja kitenge, moja shuka, moja bendera ya timu ya mpira. Hilo liko uchi. Ndani hamna kitanda wala kiti. Hénock, mwenye nyumba, akipata wageni huusukuma mlango kidogo na kusema, "Hiki ni chumba cha Yaya," kisha huurudisha taratibu, kama mtu aliyefunua chungu akakuta hakijaiva.

Kwao Lubumbashi yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa kuajiriwa, ingawa kwa Hénock, Marcelline alikuwa vyote viwili. Mama yao alifariki Hénock akiwa hajaacha kunyonya. Marcelline akamlea kwa uji na kwa sindano, akishona sare za shule za watoto wa wenzake ili wa kwao naye avae. Alipokuja Johannesburg alitangulia peke yake, akakodi chumba, akanunua cherehani ya mitumba, na kabla hajanunua godoro akamtumia mdogo wake nauli.

Miaka ikapita. Hénock akasoma, akapata kazi ya kusimamia walinzi katika majengo ya Sandton, akapata na kibali cha kuishi nchini moja kwa moja. Marcelline alibaki na karatasi ya ukimbizi, ile ya kwenda kuihuisha kila ikikaribia kufa. Hakuona wivu. Alisema mti mmoja ukipata maji, na kivuli chake ni cha wote.

Wazo la kununua nyumba lilikuwa lake. Alichoka kuhamishwa na wenye vyumba, cherehani kichwani. Walikubaliana mezani, juu ya sahani ya bukari, ugali wa kwao, na kisamvu cha sombe: nyumba ya wawili, majina mawili, chumba cha nyuma chenye jua la asubuhi kiwe cha kushonea. Malipo ya kwanza yalitoka kwa Marcelline karibu yote, akiba ya magauni ya harusi za watu. Hawakuandikiana chochote. Kwa watu wa kwao, kuandikiana na mtoto wa mama yako ni kumwitia ubaya mlangoni. Alikwenda naye benki mara moja, Braamfontein, akatia sahihi maombi ya mkopo, akarudi kwenye pindo zake. Yaliyofuata alimwachia Hénock, mwenye Kiingereza.

Baada ya Pasaka, benki ikiwa imekubali, walitoa shukrani kanisani. Mchungaji aliwasimamisha mbele, akaiombea nyumba ya Marcelline na Hénock, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka walinzi wa mtaani wakachungulia. Jioni ile ile Marcelline alianza kushona mapazia ya chumba cha nyuma. Rangi ya maziwa, yenye bitana.

Siku ya kutia sahihi kwa mwanasheria alivaa gauni alilovaa kwenye shukrani. Aliyewapokea alikuwa msaidizi wa mwanasheria, Chiku, binti wa Kitanzania aliyesoma chuo hapo jirani akabaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Leo Mungu ametupa mtu wa Kiswahili."

"Kiswahili chenu nacho kina kona zake," Chiku akacheka. "Nikikosea njia mnirudishe."

Akawapitisha ukurasa kwa ukurasa, akitafsiri. Kwenye taarifa ya mkopo alisimama, akakunja uso. Benki ilikuwa imeandika miaka ishirini na mitano. Waliyokubaliana ni ishirini. Alipiga simu, akasubiri, akasema na mtu, na baada ya muda ukurasa mpya ukaingia kwenye mashine, bado una joto. Mbele kidogo, sehemu ya kuegesha gari ilikuwa imesahaulika. Hiyo aliiongeza kwa mkono, akamwonyesha Hénock pembeni pa kuweka herufi za mwanzo za jina lake.

Marcelline aliyatazama haya kwa furaha isiyofichika. Kumbe hata huku kwa wakubwa kuna kufumua na kushona upya! Akajitia na yeye.

"Na hapa, binti. Namba ya nyumba si hii. Mlangoni nimeisoma kwa macho yangu."

"Ya mlangoni ni rangi tu, mama. Hii ni ya kwenye ramani. Iko sawa."

"Yaya," Hénock akasema bila kuinua macho, "umekuwa avoka sasa?"

"Nyumba inanunuliwa mara moja. Acha niwe mwanasheria."

Wakacheka, wote watatu. Hénock alicheka kwa kuchelewa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari wa mnunuzi. Marcelline hakujua Kiingereza cha kujivunia, lakini jina lake alilijua popote. Alilitafuta chini ya jina la Hénock. Akalitafuta juu yake. Akageuza ukurasa, nyuma kulikuwa kweupe.

"Na hapa kuna kosa lingine," alisema kwa upole, asimwaibishe binti wa watu. "Jina langu limesahaulika. Nalo uliongeze kwa mkono?"

Chiku alimtazama Hénock. Hénock alikuwa akiitazama kalamu.

"Mama," Chiku akasema polepole, "hili siwezi kulisahihisha. Hili si kosa. Maombi yaliyokuja kwetu ni ya mtu mmoja. Nawe tuliambiwa unakuja kuwa shahidi."

Nje basi lilipita, vioo vikatetemeka kidogo.

"Hénock."

"Yaya, si vile unawaza. Karatasi yako, banki ilikatala. Walisema ao mtu mumoja, ao hakuna nyumba. Nilifanya nini? Tutakuandika kisha. Nyumba ni yetu."

"Banki ilikatala lini?"

Hénock aliichukua kalamu.

"Nakuuliza, mtoto wa mama. Lini?"

"Mbele ya Pasaka."

Marcelline alihesabu. Kabla ya Pasaka. Basi pale kanisani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Hénock, mchungaji akitaja majina mawili, mmoja wao alijua kwamba jina ni moja. Hénock aliitikia amina. Ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa zaidi.

"Ungeniambia, ningekubali," alisema. "Ningekwambia chukua, andika lako. Ju ya nini ukaniacha nivae gauni hili?"

Hénock akaivuta karatasi kwake.

"Nisipotia sahihi?" Marcelline akamwuliza Chiku.

"Tutamwita yeyote hapo nje. Hata dada wa mapokezi. Samahani, mama."

"Na shahidi, kazi yake ni nini?"

"Kuona tu. Kwamba mwenye kutia sahihi ametia mbele yako."

"Basi atie."

Hénock alitia. Herufi ya mwanzo ilitoka imepinda. Marcelline aliivuta karatasi, akaandika jina lake lote, la ubatizo na la baba, kwenye mstari wa shahidi, kwa mwandiko ule wa masista wa shule ya msingi. Akarudisha kofia ya kalamu. Akamshukuru Chiku kwa jina. Akashuka kwa ngazi, lifti akamwachia mdogo wake.

Hénock amekuja mara nyingi kumwita, mara amebeba samaki, mara amekuja na mchungaji. Anasema chumba kipo. Marcelline humpa kiti, humpa chai, humwuliza afya. Kuhusu nyumba hajasema neno. Kanisani akina mama walimwuliza sana siku za mwanzo, "Mama, tunakuja lini kuzindua?" naye akajibu waulizeni wenye nyumba, wakadhani anatania. Siku hizi anasali kanisa lingine.

Mapazia hakumpelekea mtu. Yako kwenye chumba anachopanga, hapo hapo Berea, mtaa wa nyuma ya lile jengo la matofali mekundu. Dirisha ni fupi, kwa hiyo ameyakunja chini, bila kuyakata. Cherehani iko mbele yake, na kodi analipa kila mwisho wa mwezi.